Tuta la mita 8, neti 13: ninavyolichora kwenye kompyuta hapa Lindi

Chora tuta la mchanga mkavu, kabla ya kulitia neti (nyavu za plastiki, geogrid, zinazolazwa tabaka kwa tabaka ndani ya udongo ili kuushika), kwenye programu yoyote ya kupima uimara wa miteremko, iwe Slide2, SLOPE/W au GEO5. Uso wake uwe na mwinamo wa digrii 60, pembe ya msuguano ya mchanga iwe 32, mshikamano, yaani kugandana kwa chembe zenyewe, uwe sifuri. Iagize ikokotoe. Utarudishiwa FS ya 0.36 au karibu na hapo, na mstari wa mtelezo utakuwa umejilaza juu kabisa ya uso wa tuta kama utando wa maziwa. Programu haijaharibika. Chukua kikokotozi cha simu, gawanya tanjenti ya 32 kwa tanjenti ya 60, utaikuta 0.36 ile ile.

FS ni uwiano wa usalama: nguvu ya udongo kukataa kuteleza, ukiigawanya kwa nguvu inayousukuma uteleze. Chini ya 1 tuta limeshuka. Mwongozo wa idara ya barabara kuu ya Marekani, FHWA, ambao wengi wetu tunaufuata kwa matuta ya namna hii, unataka 1.3 kwenda juu. Basi kijana wa fildi niliyepewa msimu uliopita alipoiona 0.36 alishtuka. "Mama, si tuongeze mshikamano kidogo? Hata 10 tu, mstari ushuke chini."

Sikumjibu siku ile. Kesho yake tulikuwa na safari ya Newala, na kule barabara inapokaribia ukingo wa uwanda wa Makonde kuna mashimo watu wanakochimba mchanga mwekundu. Ilikuwa Septemba. Kuta za shimo zilisimama wima, mita 3, pengine 4, kama zimekatwa kwa kisu. Kijana akaugusa ukuta, akacheka: "Sasa Mama, huu mshikamano si huu hapa?" Nikamwambia avunje bonge moja alitie kwenye kopo la maji. Tukakaa kivulini chini ya mkorosho tukala muhogo wetu. Tulipolirudia kopo, bonge lilikuwa tope. Kilicholishika ni unyevu kidogo uliobaki kati ya chembe na ule mfinyanzi mwekundu unaozigandisha, na vyote viwili mvua ya Januari inavitoa. Ukuta uliosimama Septemba, Februari utaukuta chini.

Kwa hiyo mshikamano wa kifusi, yaani udongo wa kujazia tuta, ninaandika sifuri. Maabara ikinipa namba iliyopimwa udongo ukiwa umeloweshwa kabisa, nitaitazama, lakini hata hiyo siitumii yote. Kilopaskali 10 zinaonekana chache kwenye skrini, ila kwa tuta fupi zinaweza kulibeba tuta zima, na hapo neti unazochora zinakuwa pambo.

Ile 0.36 ni kitu halisi, usiifiche. Ni ngozi ya tuta inayotaka kuporomoka mvua ikipiga. Dawa yake ni kufunga uso: neti ikunjwe, irudi ndani, katikati ya neti ndefu ziingie neti fupi, kisha nyasi. Ukishaandika kwenye ripoti namna utakavyofunga uso, ndipo unapata ruhusa ya kuiambia programu isitafute mitelezo yenye kina chini ya mita 1. Mpangilio ni huo. Wengi wanaanza na ruhusa.

Kwa nini digrii 60 na si mteremko wa kawaida? Kwa sababu ya mikorosho. Tuta lenyewe ni la barabara ya kupanda kilimani, nje kidogo ya mji wa Lindi, kimo chake mita 8 pale palipo juu zaidi. Mteremko wa kawaida wa mita 2 nje kwa kila mita 1 juu ungekula mita 16 za shamba la watu. Kwa digrii 60 unakula mita 4.6. Mwenye shamba alishaturudisha mara mbili, tena kwa heshima kubwa, akitukaribisha na kahawa, na mara zote mbili akasema hapana.

Kabari kwenye karatasi

Kabla ya kugusa kompyuta ninachora kabari, yaani kile kipande cha udongo chenye pembe tatu kinachotaka kuteleza mbele. Hesabu hii haichukui nusu saa, na ndiyo itakayonishtua programu ikinidanganya.

Kifusi kina uzito wa kilonewtoni 19 kwa mita ya ujazo. Fikiria ufa ulionyooka unaoanzia mguuni mwa tuta na kupanda kwa digrii 41 hadi juu. Kwa kila mita 1 ya barabara, kabari iliyo mbele ya ufa huo ina uzito wa kilonewtoni 348. Magari nayahesabu kilopaskali 12 juu ya upana wa mita 4.6, hizo ni 55. Jumla 403. Sasa udhoofishe msuguano kwa ile 1.3 tunayoitaka: tanjenti ya 32 igawanywe kwa 1.3, pembe inashuka kutoka 32 hadi 25.7. Nguvu ya mlalo inayohitajika kuishika kabari ni 403 mara tanjenti ya 15.3 (ndiyo 41 kutoa 25.7), yaani kama kilonewtoni 110. Rudia kwa digrii 38, 40, 44. Mimi niliona 40 na 41 ndizo zinazodai zaidi, na zinadai karibu sawa.

Hizo 110 ndizo neti zote kwa pamoja zinapaswa kuzibeba. Nikiweka neti kila sentimita 60 kuanzia chini, zinakuwa 13: 7 nusu ya chini, 6 nusu ya juu. Kwa tuta linalozidi mita 6 mwongozo unasema mzigo usigawanywe sawasawa. Ukigawa kanda 2, ya chini inachukua robo 3. Kwa hiyo neti 7 za chini zinabeba kilonewtoni 83, kila moja kama 12. Nikishaziandika hizi mbili, 110 na 12, pembeni ya daftari, nafungua kompyuta.

Namba ya kwenye lebo

Hapa nina kovu. Miaka mingi iliyopita, kazi yangu ya kwanza yenye neti, nilichukua karatasi ya mtengenezaji, nikaona nguvu ya kukatika ni kilonewtoni 40 kwa mita, nikaiandika 40 kwenye programu. FS ikaja 1.9. Nikafurahi, nikapunguza neti ili kuokoa hela za mteja. Mhandisi mzee aliyekuwa akinisimamia hakuitazama hata picha ya rangi. Aliuliza kitu kimoja: "Hiyo 40 ni ya leo au ya miaka sabini na mitano ijayo?"

Neti ni plastiki. Plastiki ikining'inizwa mzigo inanyumbuka kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi, kama kamba ya kuanikia nguo iliyokuwa imekazwa Jumatatu na ambayo Ijumaa nguo zinagusa chini. Kwa hiyo nguvu ya lebo inagawanywa mara 3. Kwanza kwa mnyumbuko: neti za poliesta FHWA wanazipa kati ya 1.6 na 2.5, zile za polithini nzito 2.6 hadi 5, na tofauti hiyo peke yake inaweza kugeuza neti ya bei rahisi kuwa ya bei ghali. Pili kwa majeraha ambayo neti inayapata ikitandikwa na kushindiliwa, kuanzia 1.1 kwa mchanga laini hadi 3 kwa mawe makali. Tatu kwa uchakavu wa kikemikali, angalau 1.1.

Kwa tuta hili nilitumia poliesta: 1.8, mara 1.25, mara 1.15, jumla 2.59. Neti ya 40 ikabaki 15.5. Inazidi 12, inatosha, na ndiyo namba inayoingia kwenye kompyuta.

Hiyo 1.25 ya majeraha ni ya mchanga mwekundu. Mkandarasi akikuambia kifusi cha matumbawe kiko karibu zaidi, na huku pwani kweli kiko karibu, irudie hesabu. Matumbawe yaliyopondwa yana makali, rola ikipita juu yake neti inachanika. Na poliesta isigusane na saruji mbichi wala udongo uliochanganywa chokaa, inaliwa. Wala isiachwe juani. Nimeona mabunda yaliyokaa wazi wiki kadhaa nyuma ya banda la saiti huku watu wakigombania mahali pa kutunzia mifuko ya saruji.

Neti imeshikwa wapi

Kuchora umbo ni kazi ya dakika 10 na haina siri: ardhi ya asili, tuta, kifusi cha nyuma, tabaka za chini. Panua picha. Nyuma ya tuta acha angalau mara 2 ya kimo chake, na chini vilevile, la sivyo mstari wa mtelezo utagota ukutani mwa picha yako na utadhani umeuona mbaya kuliko yote.

Kazi ni pale unapoingiza neti. Programu itakuuliza mambo manne au matano, na kila moja lina jibu la kawaida lililokwisha kuwekwa na mtu asiyelijua tuta lako.

La kwanza, mshiko. Neti imefungwa usoni, mwishoni, pande zote, au haikufungwa popote? Ukichagua kwamba imefungwa usoni, programu inaamini kwamba kabari ya mbele haiwezi kuchomoka na kuiacha neti nyuma. Hilo ni kweli ikiwa neti imekunjwa usoni ikarudi ndani mita 1 na zaidi, au imeshikwa na kitu kizito. Kijana wangu aliacha jibu la kawaida, usoni, akapata 1.41. Nikamuuliza, "Kwenye mchoro wa mkandarasi neti inaishia wapi?" Akatazama. Ilikuwa inaishia sentimita 10 kabla ya uso, imekatwa tu, imeachwa. Akabadilisha kuwa haijafungwa, ikashuka 1.17. Hakuna namba ya udongo iliyobadilika. Tulichobadilisha ni mchoro wa mkandarasi, tukaweka mkunjo, na ndipo tukairudisha kuwa imefungwa usoni.

La pili, kuchomoka kwa nyuma. Hapa programu inataka msuguano kati ya neti na udongo. Kwa neti ya kawaida isiyopimwa maabara, mwongozo unaruhusu theluthi 2 ya tanjenti ya pembe ya msuguano, kisha mara 0.8 kwa kuwa neti inavutika. Kwetu ni 0.67 mara 0.625 mara 0.8, yaani 0.335, pembe ya digrii 18.5. Sasa sikiliza: neti ina pande mbili, juu na chini, na programu nyingi zinazihesabu zote mbili zenyewe. Ukizidisha kwa 2 wewe kabla ya kuingiza, umehesabu mara 4 kile unachodhani ni mara 2.

Jipime hivi. Neti ya juu kabisa iko mita 0.8 chini ya barabara, uzito juu yake ni kilopaskali 15.2, magari usiyahesabu hapa, maana huwa hayapo pale unapoyahitaji. Kila mita 1 ya neti hiyo iliyo nyuma ya ufa inapaswa kushika 2 mara 0.335 mara 15.2, yaani kilonewtoni 10.2. Gusa neti hiyo kwenye skrini, omba mchoro wa nguvu yake, soma mita 1 kutoka mwisho wa nyuma. Ukiona 10, endelea kunywa chai. Ukiona 20, umeshaelewa.

Urefu wa neti nao unatoka hapo hapo. Kwenye neti ya juu ufa uko mita 4.1 kutoka usoni. Ili ifikie 15.5 yake yote inahitaji mita 1.5 nyuma ya ufa. Jumla 5.6, nikaandika 6 kwa zote. Za chini zingeweza kuwa fupi kwa hesabu ya kuchomoka, lakini kulizuia tuta zima lisiteleze juu ya msingi kunazitaka ndefu, na kusema kweli saiti ukiwa na urefu mmoja unalala usingizi.

La tatu ndilo linalogombanisha watu: nguvu ya neti inaondolewa kwenye msukumo, au inaongezwa kwenye ukinzani? Tuseme msukumo 400, ukinzani wa udongo 360, neti 110. Ukiondoa juu ya msukumo: 360 gawa kwa 290, FS 1.24. Ukiongeza kwenye ukinzani: 470 gawa kwa 400, FS 1.18. Tuta ni lile lile. Slide2 wanaita ya kwanza neti hai (Active) na ya pili neti tulivu (Passive), SLOPE/W wanauliza kama nguvu ya neti itegemee FS. Mimi kwa neti za plastiki natumia ya pili, inayoongeza kwenye ukinzani, kwa sababu neti haifanyi kazi mpaka udongo uanze kusogea kidogo na kuivuta. Nondo iliyokazwa kwa jeki ni habari nyingine. Mwenye hoja ya kinyume simkatalii, ilimradi aandike ukurasa wa kwanza wa ripoti alichagua ipi. Nilishawahi kupewa ripoti mbili za tuta moja, moja 1.2 na nyingine 1.3 na kitu, niamue nani kakosea. Hakuna aliyekosea.

Mwelekeo wa nguvu uache uwe mlalo, sambamba na neti. Zipo programu zinazokuruhusu kuipinda ifuate mstari wa mtelezo, na FS inapanda. Sijawahi kuona sababu ya kuipokea zawadi hiyo.

Kutafuta mahali tuta litakaposhindwa

Programu hizi zinakata udongo ulio juu ya mstari wa mtelezo slesi wima kama mkate, zinapima kila slesi, kisha zinajumlisha. Wazo lilipata nguvu Uswidi, baada ya gati la Stigberg mjini Göteborg kuteleza mwaka 1916, na mstari wa mtelezo ukaonekana kama duara. Tangu hapo watu wamekuwa wakigombana juu ya nguvu kati ya slesi na slesi. Njia ya Bishop ya mwaka 1955 inatosha kwa maduara. Kwa mistari isiyo duara tumia njia za Spencer au Morgenstern-Price, ambazo zinasawazisha nguvu zote na mizunguko yote. Washa Bishop na Spencer pamoja. Zikipishana sana kwenye duara moja, au Spencer ikigoma kutoa jibu, mara nyingi neti moja inasukuma nguvu kubwa kwenye slesi nyembamba. Ongeza idadi ya slesi, angalia mguuni.

Lakini duara peke yake halitoshi, na hapa ndipo ninapowakamata wengi. Udongo wenye neti unapenda kuteleza pale ambapo neti haipo: juu ya uso wa neti ya chini kabisa, ukitoka mbele kama droo. Duara haliwezi kufuata njia hiyo. Kwa hiyo ninafanya utafutaji mara 3. Mara ya kwanza maduara yanayokata neti. Mara ya pili mstari uliovunjika, unaoshuka nyuma ya neti kisha unalala juu ya neti ya chini hadi mguuni. Hapo msuguano ni wa udongo na neti, mdogo kuliko wa udongo wenyewe, na usipoweka tabaka jembamba lenye namba hiyo programu haitaujua. Mara ya tatu maduara makubwa yanayopita nyuma na chini ya kila kitu, yasiyogusa neti hata moja.

Ile ya tatu ilinikuta bondeni. Sehemu ya juu ya barabara yetu imekaa juu ya udongo mgumu, na ilipita bila maneno. Lakini mwisho wake wa chini unashuka kwenye majaruba ya zamani ya mpunga, na pale tulikuta mita 3 za mfinyanzi laini. Nguvu yake ukiwa haujapata muda wa kukamua maji ilikuwa kilopaskali 30. Kwa mkono: msingi kama huo unabeba 5.14 mara 30, yaani 154. Tuta la mita 8 linaweka 152, na magari 12, jumla 164. Hesabu ya kukata na shoka, lakini imeshasema. Programu kwa duara la ndani ya neti ilitoa 1.4, rangi ya kijani. Kwa duara kubwa ikatoa 1.02.

Kijana akaanza kurefusha neti, mita 7, mita 8, mita 10. FS ilisogea kama kobe. Nilimwacha ajaribu mpaka achoke. Neti inashika tuta. Mfinyanzi ulio chini ya neti haujui kama neti ipo. Tulichofanya ni kuutoa mfinyanzi wote mita 3 na kurudishia mawe, na gharama yake ilizidi ya neti za tuta zima. FS ikaja 1.38.

Msimamizi wetu wa saiti, mzee wa Kimwera asiyegusa kompyuta, alikuwa ametuambia mwezi mmoja kabla: "Mama, pale kiangazi tu unapaona pakavu. Pale chura hahami." Niliandika kwenye daftari. Sikuliweka kwenye mpango wa kuchimba mashimo ya upimaji.

Tetemeko nalikagua kwa kuongeza msukumo kidogo wa mlalo kwenye kila slesi. Kwa tuta hili halikubadilisha uamuzi wowote, naliruka.

Maji

Kila mfano ninauendesha mara mbili, mkavu na uliolowa, na ripoti inabeba ule uliolowa. Mei 2024, wakati ambao huku tunahesabu mvua zimeshatuaga, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Kusini pale Somanga, Kilwa, magari yakalala pande zote mbili. Baada ya hapo sijapata mteja wa kunibishia ninapochora mstari wa maji juu.

Mstari huo usiukisie kwa kupendeza. Nauchora ukitoka kilimani nyuma ya tuta, ukiingia kwenye kifusi hadi theluthi ya kimo cha tuta, kana kwamba mabomba ya kutolea maji yameziba. Tuta letu likashuka kutoka 1.36 hadi 1.19. Kisha nachora mkeka wa kokoto chini na ukuta wa kokoto nyuma ya neti, na mstari wa maji nikaushusha hadi kwenye kokoto, ikarudi 1.34. Hiyo tofauti ndiyo ninayompelekea mteja anapouliza kwa nini kokoto ni nyingi hivyo. Neti za ziada za kufidia maji yale zingekuwa ghali kuliko tipa za kokoto, na maji yangebaki mle mle.

Angalia pia kifusi chenyewe. FHWA wanakubali hadi nusu yake ipite kwenye chekecheo la milimita 0.075 kwa miteremko yenye neti. Inaruhusiwa, ila kifusi cha namna hiyo kinakunywa maji na hakiyatoi, na pembe yako ya 32 inakuwa ndoto. Ninakataa mapema, machimboni, tipa zikiwa bado hazijapakia.

Mshale

Ukimaliza, usipeleke saiti picha yenye rangi. Peleka orodha: neti namba 1 hadi 13, kimo cha kila moja kwa sentimita, urefu mita 6, mkunjo usoni, kushindilia tabaka baada ya tabaka hadi asilimia 95. Na mwelekeo. Neti nyingi za matuta zina nguvu upande mmoja tu, upande wa urefu wa bunda. Ile 15.5 niliyoiingiza kwenye kompyuta ni ya upande huo. Upande wa pili kuna sehemu ndogo tu ya nguvu.

Nilifika asubuhi moja nikakuta vijana wameshatandika neti ya 1 na ya 2, safi, imenyooka, imepigwa vigingi. Walikuwa wamelikunjua bunda kufuata barabara, kwa sababu ndivyo linavyokwenda haraka na hakuna kukatakata. Upande wenye nguvu ulikuwa unatazama Mingoyo, si uso wa tuta. Tulizifukua zote mbili. Siku hiyo hiyo nilituma mtu mjini akanunue makopo ya rangi nyekundu ya kupuliza, na tangu hapo kila bunda linaposhuka kwenye gari linapigwa mshale, na msimamizi wetu anasimama mguuni mwa tuta na kuuliza kwa sauti kabla ya kigingi cha kwanza: "Mshale unanitazama mimi?"